Ukisema Shuka

Asubuhi ile hakuna aliyemtarajia mgeni. Barazani cherehani ilikuwa inaunguruma taratibu, chai ya maziwa ilikuwa inapoa mezani, na binti wa nyumba alikuwa anapambana na sweta lake la shule, kichwa kimeingia, mikono imepotea. Lilikuwa sweta la samawati la kurithi, lenye nyuzi zinazoning'inia kila upande. Baba yake alicheka mpaka akapaliwa na chai.

"Usiuvute huo uzi, mama," mama yake alimwonya bila kuacha kukanyaga cherehani. "Utafika shuleni umevaa kola peke yake."

Mtaa mzima ulimwita mama huyo Fundi, kwa sababu ya sindano yake. Alishona sare, mapazia, vifuniko vya makochi, na hata hema la sherehe lililochanwa na upepo. Mumewe naye aliitwa Popo. Alikuwa mpanda miti, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kulisha nyumba. Mti ukilalia paa la mtu, au tawi likisogelea nyaya za umeme, aliitwa yeye. Akimaliza kukata, alikuwa na mchezo wake: alikunja magoti kwenye tawi la juu kabisa, akaachia mikono, akaning'inia kichwa chini miguu juu, huku watu wakipiga vigelegele. Jina lilitokea hapo.

Ndugu msomaji, ukiiona nyumba ya namna hii, yenye chai na kicheko, huwezi kudhani kwamba ndani yake kuna ugonjwa. Lakini ulikuwemo. Hapakuwa na ulevi wala kamari. Baba wa nyumba alikuwa mgonjwa wa kupenda kushangiliwa, na tuseme ukweli, dawa ya kuukuza ugonjwa huo tulikuwa nayo sisi wapita njia. Tulimpigia makofi.

"Hodi hapa!"

Mlangoni alisimama mwanamke mrefu, kitita cha kamba kimezungushwa begani, helmeti inaning'inia kwenye begi, viwiko vyote vina makovu.

"Karibu, dada," alisema Fundi.

"Asante. Nimeelekezwa kwa mtu anayeitwa Popo."

"Umefika," Popo alijibu huku anajipangusa chai kidevuni. "Vuta kiti."

Mgeni alieleza shida yake kwa maneno machache. Naye alikuwa mpanda miti. Alikuwa amepewa kazi ya kuutoa mti mkubwa ulioegemea ukuta wa zahanati, lakini mwenzake alikuwa amelala hoi kwa homa. Kazi ile ilihitaji watu wawili, na kila aliyemuuliza alimtajia Popo.

Popo alivimba kichwa palepale. Fundi alimwona akinyoosha mgongo kama anayepigwa picha.

"Nina kawaida moja," mgeni aliendelea. "Kabla sijapanda na mtu, naukagua mkanda wake, naye anaukagua wangu. Kila siku. Hata kama ni ndugu yangu wa tumbo moja."

"Kagua tu. Huo hapo msumarini."

Mgeni aliutoa mkanda wa usalama ukutani. Ulikuwa mkanda mpana wa kiunoni, wenye bizimu ya chuma mbele na pete za kulabu pembeni, wa kumshikilia mtu anapoegemea nje ya shina mikono yote ikiwa kazini. Aliupitisha vidoleni polepole, kama mtu anayesoma. Alipofika karibu na pete ya kulia alisimama. Akaugeuza ndani nje.

"Nani ameshona hapa?"

"Mimi," alisema Fundi, na hakuweza kuficha tabasamu. Mkanda ulikuwa umeanza kuachia, naye aliushona jana yake kwa mapenzi yote. Alipita juu yake tena na tena, mbele na nyuma, mpaka sindano mbili zikavunjika. "Hiyo kazi ya mkono wangu haitoki leo wala kesho."

"Mkono wako mzuri sana, fundi. Sijaona mshono ulionyooka hivi." Mgeni alipitisha ukucha juu ya uzi. "Lakini uzi huu ni wa sare. Na kila tundu la sindano limekata nyuzi za mkanda wenyewe. Mkanda huu umekufa. Fungieni mzigo wa kuni."

Cherehani ilisimama.

"Mkanda wangu umekufa?" Popo alicheka. "Mbona mimi bado napumua?"

Wakati huohuo aliingia Chapchap, rafiki yake aliyefanya naye kazi kama mtu wa chini, yule anayeshika kamba na kuondoa matawi. Hakuwa mtu wa kubisha hodi. Alisikia maneno ya mwisho na akayadaka juujuu.

"Dada, huyu ni Popo! Wewe umeshaona popo amevaa mkanda?"

Wote wawili wakaangua kicheko. Mgeni hakucheka. Aliurudisha mkanda msumarini kwa uangalifu, kana kwamba unaweza kuumia.

"Basi sitapanda na wewe, kaka," alisema. "Naomba usinichukie. Wifi yangu, asante kwa kunikaribisha."

Akaenda zake.

Fundi alibaki na sindano mkononi na hasira kooni. Mgeni gani huyu, anaingia nyumbani kwa watu asubuhi kuwatukania kazi zao? Alipoulizwa na mumewe, "Mke wangu, unasemaje?" hakuwaza hata kidogo. Aliutoa mkanda msumarini mwenyewe, akamfunga kiunoni.

"Nenda kafanye kazi," alisema. "Mshono wangu naujua."

Popo na Chapchap waliondoka wakipiga mluzi. Siku hiyo walikuwa na mkaratusi wa kupunguza matawi mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, pale barabara inapopanuka na watu hawakosekani. Binti naye akaenda shule. Nyumba ikawa kimya.

Fundi alijaribu kuendelea na sare aliyokuwa anashona. Uzi ukakatika. Akautunga tena. Ukakatika tena. Si jambo geni kwa mshonaji, uzi hukatika kila siku. Lakini safari hii aliutazama ule uzi kati ya vidole vyake, akauvuta kidogo, tap! Akauvuta mwingine, tap!

"Ah, mara moja ndiyo, lakini nimepita tena na tena," alijiambia kwa sauti.

Alikuwa na kipande cha mkanda uleule kilichobaki alipopunguza ncha. Alikikata katikati, akakishona jinsi alivyoshona jana, mbele na nyuma, bila kuruka hata hatua moja. Akakifunga kwenye boriti ya baraza, na upande wa chini akafunga ndoo, akaijaza maji mpaka pomoni. Kipande kikashika. Akasubiri. Kikaendelea kushika.

Akashusha pumzi, hata akatabasamu. "Umeona sasa?" alimwambia mgeni asiyekuwapo.

Halafu akainua ndoo ili aifungue. Ilikuwa nzito, maji yakamwagikia kifuani, mkono ukateleza. Ndoo ikaanguka umbali wa shibiri tu kabla ya mkanda kuidaka. Trrrrap! Mshono wote ukafunguka kama zipu. Ndoo ikagonga sakafu, maji yakasambaa mpaka chini ya cherehani.

Fundi aliangalia mkanda uliobaki ukining'inia kwenye boriti, ukiyumba taratibu. Uzito mtulivu ulikuwa umeshikwa vizuri. Mshtuko mdogo ndio uliomaliza kila kitu. Na mumewe hakuwa ndoo iliyotulia. Alikuwa mtu anayejitupa nyuma ili watu wacheke.

Alitoka mbio. Mlango aliuacha wazi, na utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni.

Njia ya kwenda dukani ilipita zahanati. Pale uani mgeni alikuwa anauzunguka mti wake, anaugongagonga kwa nyuma ya panga na kusikiliza.

"Dada!" Fundi alihema. "Dada, umefunguka. Nimejaribu na ndoo, umefunguka wote!"

Mgeni hakuuliza ndoo gani. Aliokota kamba na begi lake. "Yuko wapi?"

Walisikia kelele kabla ya kuona mti. "Po-po! Po-po! Achia! Achia!" Watu walikuwa wamejaa mbele ya duka, wengine wamepanda juu ya matofali ya kuuza, simu zimeinuliwa. Juu kabisa, mbali kuliko paa la duka, Popo alikuwa amezungusha mkanda kwenye shina, msumeno wa injini mkononi, anakata tawi la mwisho. Tawi lilianguka kwa kishindo. Umati ukalipuka.

Fundi alijipenyeza kati ya watu kwa viwiko mpaka chini ya mti.

"Shuka!" alipiga kelele. "Baba, shuka! Mkanda haufai!"

Popo alisikia. Alimtazama mkewe huko chini, utepe shingoni, gauni limelowa, na akaona pia nyuso zote zinazomtazama yeye. Alichagua nyuso.

"Jamani," alisema kwa sauti ya juu, "mama watoto amenifuata mpaka kazini!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Chapchap alimgusa Fundi mkono. "Shemeji, unatutia aibu bwana. Mwache mwanaume afanye kazi."

"Chapchap, mwambie ashuke. Nakuomba."

"Atashuka akimaliza. Tazama, hapa ndipo patamu."

Popo aliuachia msumeno uning'inie kwenye kamba yake. Akafungua mikono pande zote mbili. Akajitupa nyuma kwa nguvu ili mkanda umdake.

Trrrrap.

Fundi aliitambua sauti ile kabla ya mtu mwingine yeyote. Mkanda ulichanuka kama utepe wa zawadi. Popo alianguka mgongo mbele, akapiga tawi la kwanza, likavunjika, akapiga la pili, na kwapa lake la kushoto likanasa kwenye kisiki cha tawi alichokuwa amekikata mwenyewe asubuhi. Akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja, miguu inapiga hewa. Msumeno ulikuwa unazungukazunguka kando ya mapaja yake, injini bado inakohoa.

Hakuna aliyecheka tena. Simu zilishuka moja moja.

"Shika, Popo! Shika!" Chapchap alilia, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. Alikimbilia ngazi, akaiacha, akakimbilia kamba, akaiacha. Hakujua la kufanya. Siku zote hizo hakuna aliyewahi kuwaza kwamba litahitajika la kufanya.

Mgeni alikuwa ameshapiga goti. Alitoa kamba nyembamba yenye kijifuko cha mchanga, akakitupa juu. Kikakosa. Akakitupa tena, kikapita juu ya panda nene iliyokuwa juu ya Popo na kushuka upande wa pili. Kwa kamba ile nyembamba akavuta kamba kubwa. Akaning'inia kwayo kwa uzito wake wote, mara moja, mara mbili, kuijaribu. Halafu akavaa mkanda wake, akafunga bizimu, akafunga fundo, akakaza.

"Panda basi!" watu walimpigia kelele. "Mtu anakufa!"

Mgeni aligeuka kwa Fundi. "Nikague."

"Nini?"

"Nikague. Anza na bizimu, halafu mkanda wa mguu wa kulia, wa mguu wa kushoto, fundo."

"Dada, mume wangu anaanguka na wewe unataka nikukague!"

"Nikianguka mimi, atashushwa na nani?"

Fundi alitaka kumpiga kofi. Badala yake akajikaza kisabuni na kuweka vidole vyake kwenye bizimu. Imefungwa. Mguu wa kulia, umefungwa. Mguu wa kushoto, mkanda ulikuwa umejikunja, haujaingia mpaka mwisho. Akauvuta, ukalia klik. Akamtazama mgeni machoni.

"Umeona?" mgeni alisema kwa sauti ndogo, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Haraka hii ingeniua. Fundo?"

"Limekaza."

"Shika mwisho wa kamba. Usiiachie hata wakikuita nini."

Akapanda. Hakupanda kama Popo, hakurukaruka. Alipanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake, mvuto kwa mvuto. Fundi alishika kamba kwa mikono yote miwili na hakutazama umati. Alimsikia mumewe akisema, "Mkono umekufa, dada, mkono umekufa," na mgeni akimjibu, "Huo mwingine bado uko hai, nipe." Alisikia injini ya msumeno ikizimwa. Akasikia kulabu ikigonga pete, klik, halafu nyingine, klik. Mgeni alikuwa amemfunga Popo kwenye mkanda wake mwenyewe.

Walishuka pamoja polepole, kifua kwa kifua, kama mama na mtoto wa mgongoni aliyegeuzwa kifuani. Miguu ya Popo ilipogusa ardhi haikumbeba. Alikaa chini kwenye matawi aliyoyakata. Watu walianza kupiga makofi. Aliziba masikio.

Bega lilikuwa limetoka mahali pake. Zahanati wakalirudisha, wakamfunga mkono kifuani. Bega lilipona, kama mabega yanavyopona. Lakini kuna kitu kingine kilichochomoka siku ile na hakuna daktari aliyekiona. Taa ya baraza ilipoungua, Popo alisimama kwenye stuli kubadilisha balbu, akashuka kabla mkono haujafika. Alijifanya ameitwa. Fundi alimwona. Aliwasha mshumaa akaendelea kushona, na machozi yakamdondoka kwenye kola ya mtu.

"Ni mimi niliyekuvalisha," alimwambia hatimaye. "Niliambiwa mkanda umekufa, nikakufunga kwa mikono yangu kwa sababu sikutaka kuambiwa mshono wangu haufai."

"Na mimi uliniambia shuka," Popo alisema. "Nikageuza kuwa kichekesho."

Nadhani hapo ndipo nyumba ile ilipoanza kupona, kwa sababu kila mmoja alibeba mzigo wake, hakuna aliyemtwika mwenzake.

Mgeni alikuwa bado yuko mjini na mti wake wa zahanati, anaukata kidogokidogo na mwenzake aliyepona homa. Jioni moja Fundi alimfuata. Wakarudi pamoja, na mgeni akaufunga kwa kamba mkanda kamili, mpya, wa kiuno na mapaja, wenye mishono minene ya samawati ya kiwandani, kwenye mpera wa uani kwa Fundi. Mpera wenyewe hata mtoto angeupanda.

"Kaa," alimwambia Popo.

"Kwenye mpera? Dada, majirani wataniona."

"Ndiyo maana nimeufunga hapa, wakuone. Kaa."

Akakaa ndani ya mkanda, nyayo zikigusa majani makavu.

"Achia mikono."

Hakuweza. Mtu aliyekuwa ananing'inia kichwa chini juu ya barabara alishindwa kuachia mikono akiwa usawa wa goti. Vidole viling'ang'ania kamba mpaka vikawa vyeupe. Ng'ambo ya ua jirani mmoja akacheka. Popo akafumba macho.

"Usijilazimishe," mgeni alisema. "Ujasiri wa zamani ulikuwa wa kuazima kwa watu. Wakinyamaza, unaisha. Huu wa sasa tutaujenga mwilini mwako. Mwili unaamini kitu ulichokijaribu wenyewe. Leo kaa tu. Kesho kidole kimoja."

Ikawa hivyo. Siku ya kwanza alikaa tu. Baadaye akaachia mkono mmoja, halafu yote. Akajifunza kufunga kamba ya pili kabla hajafungua ya kwanza, akiwa chini kabisa, mpaka akaweza kufanya hivyo huku anabishana na binti yake kuhusu hesabu za shule. Kisha kamba ikapandishwa juu zaidi mperani, kisha kwenye mti wa jirani, yule yule aliyecheka. Na kila mara, kabla nyayo hazijaondoka ardhini, Fundi alimkagua kuanzia bizimu mpaka fundo. Maana sasa yeye ndiye aliyekuwa mtu wa chini. Chapchap alikuwa ameanza kupanda mwenyewe, bila kamba, na makofi yote yalihamia kwake.

Siku mgeni alipokuja kuaga, aliwakalisha wote wawili barazani.

"Kaka, mtu wa chini anaona vitu usivyoweza kuviona ukiwa juu. Akisema shuka, miguu ifike chini kwanza, maswali baadaye. Na wewe fundi, ukiona kitu usichokielewa, sema. Usingoje kuwa na hakika."

"Na nikikosea?" Fundi aliuliza.

"Mtakuwa mmepoteza muda. Muda unapatikana tena."

Popo alimgeukia mkewe. Hakucheka wala hakutia madoido. "Ukisema shuka, nitashuka," alisema. "Hata kama dunia nzima inanitazama."

Ahadi ndogo tu, ya barazani, bila shahidi zaidi ya mgeni aliyekuwa anatafuta viatu vyake.

Kazi kubwa ya kwanza ilikuja kutoka shule. Safu nzima ya mikaratusi mirefu ilizunguka uwanja, na msimamizi wa shule alisema wazi: wakiumaliza huu wa kwanza vizuri, mingine yote ni yao, na kila mwaka watarudi. Kwa nyumba iliyokaa muda mrefu ikiishi kwa sindano peke yake, maneno hayo yalikuwa kama mvua.

Asubuhi ya siku hiyo binti alimkumbatia baba yake kwa nguvu, sweta kwa mkanda, akakimbia darasani. Fundi alimkagua mumewe. Kila kitu sawa. Popo akapanda. Alipanda polepole, mvuto kwa mvuto, na Fundi aliona magoti yake hayatetemeki. Moyo wake ulijaa.

Madirisha ya madarasa yalijaa vichwa. Langoni alisimama Chapchap, mikono mfukoni, kama mtu aliyepita tu. Msimamizi aliangalia saa.

"Huyu jamaa yuko makini," alisema, "ila taratibu mno."

Popo alifika mahali pa kukatia. Akafunga kamba ya pili. Akawasha msumeno, akaegemea nje. Na hapo Fundi akauona. Karibu na pete ya kulia, palepale, kiuzi cha samawati kilikuwa kinapepea.

Mishono ya mkanda ilikuwa ya samawati.

Labda si kitu, alijiambia. Alikuwa ameukagua sasa hivi. Labda ni kivuli, labda macho. Alisikia sauti za ile siku, watu wakishikana mabega kwa kicheko. Aliona nyuso madirishani, na ya binti yake ikiwa mojawapo. Akipiga kelele na ikawa si kitu, mumewe atadhalilika mbele ya mtoto wake. Kiuzi kikapepea tena.

Usingoje kuwa na hakika.

"Shuka!"

Sauti yake ilipasuka na kurudi kutoka kwenye kuta za madarasa. Msumeno bado ulikuwa haujagusa gome la mti. Popo alitazama chini. Muda ukasimama. Fundi aliyaona macho yake yakipita kwenye madirisha, kwa msimamizi, kwa Chapchap, na kurudi kwake.

Injini ikazimwa.

Akashuka. Hakuuliza kitu. Alishuka jinsi alivyopanda, mvuto kwa mvuto. Nyayo zilipogusa ardhi, Fundi alikuwa ameshafika kiunoni kwake. Akaushika uzi. Ukatoka wote, laini, mwepesi, uzi wa sufu wa sweta la shule. Ulikuwa umenasa kwenye pete alipokumbatiwa. Mkanda haukuwa na kasoro yoyote.

"Ni nini?" aliuliza msimamizi.

"Uzi," alisema Fundi. Uso ulimwaka. "Uzi wa sweta la mtoto."

Langoni Chapchap aliangua kicheko, na vichwa vya madirishani vikafuata. "Shemeji, safari hii umeshusha mume kwa uzi! Kesho utamshusha kwa inzi!"

Msimamizi alitikisa kichwa. "Mimi nina watoto wanaosubiri uwanja wao. Kwa mwendo huu tutamaliza mwakani. Wewe hapo langoni, unaweza kumaliza leo?"

"Hata kabla ya kengele ya mchana, mkuu."

Fundi hakuthubutu kumtazama mumewe. Alijua sauti aliyokuwa anaingoja, ile ya kugeuza mambo kuwa kichekesho. Popo alivuta pumzi. Halafu akageuka, taratibu, mbele ya madirisha yote, akainua mikono yake kama siku zote.

"Umekagua kulia," alisema. "Hujamaliza. Kagua na kushoto."

Akamkagua na kushoto.

Huenda unangoja kusikia kwamba Chapchap alianguka siku ile. Hakuanguka. Alimaliza kabla ya kengele, akashangiliwa, na mikaratusi yote ikawa yake. Popo na mkewe walikunja kamba, wakarudi nyumbani kwa miguu, mikono mitupu.

"Nimekukosesha kazi," Fundi alisema walipofika mpera wa uani.

"Ukiona uzi tena kesho, utasema nini?"

Fundi alifikiri. "Nitasema shuka."

"Na mimi nitashuka," alisema Popo, akaenda kubadilisha balbu ya baraza.

Funzo

Ndugu zangu, kazi ya hatari haimtaki mtu asiyeogopa. Inamtaka mtu aliyeupa woga wake kazi ya kufanya: kukagua, kufunga, kujaribu chini kabla ya kwenda juu. Ujasiri wa namna hiyo hujengwa kidogokidogo, mahali ambapo ukianguka utaamka, na hauhitaji mtu wa kuutazama. Mnaowapenda watu wenu, msiwashonee mikanda iliyokufa. Upendo hauwezi kufanya kazi ya mkanda mzima. Mliopo chini, semeni mnapoona kitu, hata sauti ikitetemeka. Mliopo juu, mkiambiwa shukeni, shukeni, na ikiwa ni uzi wa sweta, msimwadhibu aliyesema, maana siku nyingine hautakuwa uzi wa sweta.

Na sisi wapita njia tuna sehemu yetu. Ukimkuta mtu juu ya mti, makofi yako yaweke. Ngoja kwanza nyayo zake ziguse ardhi. Hapo ndipo upige.